Nyota za Mashine Nambari Nne

Kama umewahi kukatiwa mbavu zikatoka sawasawa kwenye bucha yoyote kuanzia Kenyatta Market mpaka Dagoretti, huenda umekula kazi ya mikono yangu. Mimi ndiye ninayetengeneza misumeno ya mifupa. Utasema najisifu. Ndiyo, najisifu, kwa nini niogope? Niliacha shule darasa la sita. Nilibeba nyama begani pale kichinjioni Dagoretti mpaka bega la kulia likashuka kuliko la kushoto, na halijawahi kurudi. Leo nina duka la vipuri, nina vyumba vya kupangisha Kabiria na watoto wawili chuo kikuu, na hakuna mjomba aliyenipigia simu popote kuniombea kazi. Kwa miaka mingi kila aliyenisimamisha kunisalimia alisikia maneno haya: "Mimi sijafundishwa na mtu."

Naandika kwa sababu maneno hayo si kweli, na mtu anayeyafanya yasiwe kweli bado anafungua mlango wake kila asubuhi saa mbili.

Misumeno yetu mingi hapa huja ikiwa imetumika. Inatoka Ulaya, imezeeka, na haina kitabu. Kama ina kitabu, kimeandikwa kwa lugha ambayo hata maprofesa wangeomba msaada. Ikiharibika, mafundi wengine humwambia mwenye bucha anunue mpya. Mimi niliikataa njia hiyo. Niliambiwa vipuri na michoro yote iko kwenye intaneti, kwa hiyo siku moja nikapanda ngazi za saiba moja mjini, duka la kutumia kompyuta kwa kulipia, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa, karibu na msikiti. Mikono ilikuwa bado inanuka grisi.

Aliyekuwa akisimamia pale alikuwa mama wa Pwani, mwenye buibui na miwani ya kamba shingoni. Kabla ya kuja Nairobi na mumewe alikuwa mwalimu wa madrasa, na ualimu ulikuwa haujamtoka. Hakunizidi umri sana lakini nilimwita Mama, kwa sababu ukimtazama huwezi kumwita kitu kingine. Yeye aliniita Fundi. Alinikalisha mashine nambari nne, karibu na dirisha, akanionyesha pa kuandika. Saa mbili nzima nilitafuta mkanda wa msumeno, mpaka nikampata muuzaji mmoja wa Uturuki mwenye picha na vipimo. Nikapiga meza.

"Umepata ulichokuja kutafuta, Fundi?" akauliza kutoka kwenye kaunta.

"Nimepata. Lakini kesho nitarudije hapa? Hii kitu ni kama soko la Gikomba, ukishatoka kwenye kibanda hukioni tena."

"Bonyeza hiyo nyota hapo juu."

"Ni pesa ngapi?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Nyota ni bure. Bonyeza tu, baba."

Nikabonyeza, nayo nyota ikajaa rangi ya buluu. Niliporudi siku nyingine, ukurasa ulikuwa pale pale, unaningoja. Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia. Mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akiambiwa "njoo kesho" anakuta kitu kimemngoja bila kuhongwa!

Tangu hapo nikawa mtu wa nyota. Mwaka wa kwanza zilifika kama arobaini, zikajaa safu ya juu mpaka nikawa sioni kitu. Mama akaniambia zipangwe kwenye folda, yaani vifuko vya kuwekea kurasa, na watu huzipanga kwa herufi.

"Mama, mashine hainipigii simu na herufi," nikamwambia. "Inanipigia na kilio."

"Basi zipange kwa kilio."

Alisema kwa utani, mimi nikafanya kweli. Folda ya kwanza niliiita Inalia. Ya pili Inatetemeka. Zikafuata Haiwaki, Inanuka Moto, Inakata Upande. Mwenye bucha akinipigia simu anasema shida moja tu kati ya hizo, maana hajui jina la kampuni wala la kipuri. Mimi nafungua folda ya shida hiyo, na kurasa zote zinazoihusu ziko ndani: muuzaji wa Uturuki, fundi wa India anayeonyesha kwa video, duka la Uchina lenye beringi za magurudumu. Wasomi wawili walikaa karibu nami kwa nyakati tofauti wakauliza nani alinipangia. Niliwaambia sijafundishwa na mtu. Mama alikuwa pale kaunta, anasikia, akaendelea kutoa nakala za vitambulisho vya watu.

Mpaka mwaka wa nane nilikuwa na nyota mia tatu na kitu. Utaniuliza kwa nini mtu mwenye nyumba za kupangisha hakununua kompyuta yake. Simu nilikuwa nayo, lakini kioo kilishapasuka mara tatu, na mchoro wa msumeno kwenye simu unaonekana kama mdudu. Kompyuta ya nyumbani ningeweza kununua. Sababu yenyewe ni hii: mimi nasoma Kiingereza kwa kidole. Neno moja, napumzika, neno la pili, narudi la kwanza. Kiswahili nasoma bila shida, lakini mashine hazijaandikwa Kiswahili. Nyumbani, watoto wa chuo kikuu wangesimama nyuma ya kiti changu wakaona kidole kile. Pale saiba hakuna aliyejali. Kwa hiyo nambari nne ikawa ofisi yangu. Wateja wakipiga nasema, "Niko ofisini mjini," na watoto nao waliamini baba ana ofisi.

Kuna mambo mawili tu yaliyoniudhi katika ofisi ile. La kwanza, Mama alinipa siku mbili tu kwa wiki.

"Jumanne na Ijumaa, Fundi. Siku nyingine nambari nne ina kazi."

"Kazi gani? Wengine si wanaweza kukaa tano?"

"Jumanne na Ijumaa," akarudia, kwa ile sauti ya madrasa, nami nikatii kama mtoto.

La pili ni folda moja iliyotokea mwisho kabisa wa safu yangu, ambayo sikuiweka mimi. Iliitwa Ya Fundi, Akiwa Tayari. Niliifungua mara moja. Nikakuta kurasa za watu wazima wanaojifunza kusoma Kiingereza, na sauti za kutamka herufi. Nikajua ni ya fundi mwingine anayekalia kiti changu siku zisizo zangu. Nairobi kuna mafundi wangapi? Wa mabomba, wa viatu, wa umeme. Nikamcheka kwa sauti.

"Mama! Kuna fundi hapa anasoma a, e, i, o, u! Mzee mzima!"

"Mwache," akajibu bila kuinua macho. "Atafungua siku yake."

Sikuifuta. Kwenye mashine ya watu wengi hutupi mzigo wa mwenzako, hata kama unakuzibia njia. Lakini kwa miaka kila nikiiona nilitabasamu, nikimfikiria yule mjinga.

Sasa nisikilize. Wikendi moja msumeno mkubwa wa pale kichinjioni Dagoretti ulianza kukata upande. Ni kichinjio kile kile nilichobebea nyama. Pana misumeno sita, yote nilikuwa naihudumia mimi peke yangu, na sikuwahi kupita lango lile bila kushika bega langu lililoshuka nikajiambia umefika mbali, kijana. Nikafungua mashine nikaona shida: kipete cha chuma kinachoshika gurudumu la juu, sisi tunakiita bushi, kilikuwa kimelika mpaka hakina kipimo cha kupima. Kampuni iliyokiunda ilifungwa zamani. Dawa ni kuchongesha kingine, na huwezi kuchongesha kitu usichojua ukubwa wake.

Sikuwa na wasiwasi. Ndani ya Inakata Upande nilikuwa na ukurasa wa mzee mmoja wa Italia, fundi aliyestaafu, aliyechora kwa mkono wake kila kipande cha mashine ile na kuandika vipimo pembeni. Kuupata ukurasa ule kulinichukua wiki tatu, na hata sijui nilipitia wapi. Nilikuwa na nyota yake, basi.

Meneja wa kichinjio hakuwa na subira. "Mzee, nakupa mpaka Jumatano jioni," akasema. "Alhamisi naleta ile kampuni ya mafundi wa ovaroli za buluu. Na wakija, hawachukui mashine moja. Wanachukua zote sita."

"Jumatano utakuwa unakata kama karatasi," nikamwambia, mbele ya wachinjaji wote. "Wewe hunijui?"

Jumatatu asubuhi nikapanda ngazi. Haikuwa siku yangu, lakini kuna sheria gani wakati wa moto? Mama hakuwepo, alikuwa ameenda Mombasa kwenye harusi ya mpwa wake. Kaunta ilikuwa na mwenye saiba mwenyewe. Nambari nne ilikuwa wazi. Nikaketi, nikawasha, nikatazama juu.

Safu ilikuwa nyeupe. Inalia haipo. Inatetemeka haipo. Hata yule fundi wa a, e, i, o, u hayupo.

"Nyota zangu ziko wapi?" nikauliza.

"Nyota gani, mzee?"

"Hapa juu. Mia tatu na kitu. Nani amekaa hapa?"

"Kila mtu hukaa hapo," akasema. "Na kila jioni tunafuta mashine zote, mtu asikute mambo ya mwenzake. Ni hivyo tangu nifungue."

"Hii mnaiacha."

"Hata hiyo tunafuta."

"Bwana, mimi nimekaa hapa miaka minane, nyota ziko hapa kila siku nikija. Utaniambia nini?"

Jamaa wa nambari tano akageuka. "Mzee, pengine ulikuwa unaota na kompyuta imewaka." Wote wakacheka, na mimi nikahisi masikio yanapata moto.

Nikajaribu kutafuta ule ukurasa upya. Niliandika Italia, nikaandika msumeno, nikaandika mfupa kwa Kiingereza changu. Kompyuta ikaniletea supu. Ikaniletea daktari wa magoti. Kurasa zilizokuwa na maneno mengi sikuweza kuzipitia haraka, na kadiri nilivyoharakisha ndivyo kidole kilivyopotea mstari. Kufikia saa saba nilikuwa nimejua jambo ambalo sikutaka kulijua. Nilichokuwa nakiita akili yangu kilikuwa kwenye safu ile. Bila nyota, nilikuwa mtu wa darasa la sita mwenye spana.

Nikampigia Mama, hashiki. Nikakaa kwenye ngazi nikaendelea kupiga. Mwishowe akanipigia yeye, na nyuma yake kulikuwa na vigelegele.

"Fundi, simu kumi na moja! Kuna msiba?"

"Mama, nyota zimekwisha. Zote. Wamefuta."

"Leo siku gani?"

"Jumatatu."

"Sasa Jumatatu umekwenda kutafuta nini pale? Si nilikwambia Jumanne na Ijumaa?"

"Mama, huu si wakati wa mzaha. Dagoretti wananinyang'anya kazi."

Nikasikia mlango ukifungwa, na vigelegele vikawa mbali. "Sikutanii, baba. Mimi naondoka huku leo. Kesho saa mbili uwe mlangoni. Na kula kitu, sauti yako imekauka."

Saa moja na nusu nilishafika. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye basi, macho mekundu, begi mkononi, na mahamri aliyoniletea yamefungwa kwenye gazeti. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alifungua mlango, akawasha nambari nne, kisha akachukua kishada cha funguo zake. Katikati ya funguo palikuwa na flashi ndogo, ile ya kuhifadhia vitu vya kompyuta, iliyofungwa kwa uzi mwekundu. Nilikuwa nimeiona miaka yote nikidhani ni pambo. Akaichomeka, akabonyeza mara tatu au nne.

Inalia. Inatetemeka. Haiwaki. Inanuka Moto. Inakata Upande. Zikashuka moja moja kwenye safu.

"Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi naziweka," akasema. "Ukiondoka nazichukua tena, pamoja na ulizoongeza. Jioni mashine inafutwa kama zote. Ndiyo maana nikakupa siku mbili. Siwezi kuziweka kila siku, mwenye saiba angeona."

"Miaka minane, Mama?"

"Ni dakika moja, Fundi. Usinifanyie hotuba."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unawaambia wateja uko ofisini. Ningekuvunjia ofisi?"

Nikafungua Inakata Upande, mzee wa Italia akatokea na michoro yake, vipimo vikiwa pembeni. Nikabonyeza ipigwe chapa. Printa ilipokuwa inanguruma, macho yangu yakashuka mpaka mwisho wa safu. Ya Fundi, Akiwa Tayari ilikuwa imerudi pia.

Mimi ni mtu wa mashine. Nikiona kitu kinazunguka natafuta kinachokizungusha. Kama nambari nne ilifutwa kila jioni, hakuna fundi mwingine aliyeweza kuacha kitu chake pale. Na kama safu yote ilitoka kwenye flashi moja, na flashi ilikaa kwenye funguo za mtu mmoja…

"Mama, hii ya mwisho ni ya nani?"

Alikuwa anapanga karatasi zangu zikae sawa. "Chukua mchoro wako kwanza," akasema. "Dagoretti wanakungoja."

Nilimpelekea mchoro fundi wa kuchonga vyuma Kawangware. Akachonga bushi siku hiyo hiyo, na Jumatano mchana nilikuwa juu ya ngazi kichinjioni naipiga taratibu kwa nyundo ya mbao. Tulipowasha, mkanda ulinyooka. Meneja akaleta mguu wa ng'ombe yeye mwenyewe, akausukuma, ukagawanyika katikati ya uboho bila kutoka mstari. Akashika vipande viwili, akavilinganisha, akasema neno moja: "Sawa." Ovaroli za buluu mpaka leo hazijaingia pale. Wachinjaji walinipigia makofi, na sikuwaambia chochote kuhusu kufundishwa au kutofundishwa. Walidhani nimechoka.

Ijumaa nikarudi ofisini. Sikuwa na mashine yoyote ya kutafutia dawa. Nikaketi, nikafungua ile folda ya mwisho.

Mara ya kwanza nilikuwa nimetazama juu juu tu nikafunga. Sasa nikaona ndani kuna vifuko vingine. Kimoja kiliitwa Maneno Yanamchanganya. Kingine Sentensi Ni Ndefu. Kingine Anasahau Haraka. Na cha mwisho Amekata Tamaa. Mama alikuwa amezipanga kwa kilio, vile ninavyopanga mimi. Kulikuwa na ukurasa wenye picha za spana, gurudumu na mkanda, na majina yake kwa Kiingereza na sauti ya kuyatamka. Ameutafuta wapi huo, yeye asiyejua beringi ni mnyama gani?

Nikaenda mpaka kaunta. "Mama, nilimcheka huyo fundi."

"Nilisikia."

"Na hukusema kitu."

"Ulikuwa unacheka vizuri, nikaona nisikukatize." Kisha akafungua droo, akatoa vipokea sauti vya kuvaa masikioni, akavifuta kwa pindo la mtandio. "Vaa hivi, wengine wasisikie. Anza na Anasahau Haraka. Huo ndio ugonjwa wako mkubwa."

Hayo yamepita muda sasa. Nilinunua laptopu. Mama mwenyewe alinifungulia akaunti ili nyota zangu zinifuate popote nikiingia, hata kwenye simu yenye ufa, na bado akakataa kuitoa ile flashi kwenye funguo zake, anasema huwezi kujua. Nasoma kitabu cha mashine kwa Kiingereza ukurasa mzima sasa, na nikikwama naangalia picha, ambazo nilizijua kabla hata ya herufi. Nyota zimepita mia nne. Jumanne na Ijumaa bado napanda zile ngazi na mahamri hununua mimi siku hizi, ingawa yake ni bora.

Laptopu naiweka kwenye meza ya kulia nyumbani Kabiria, mchana kweupe. Jumapili moja binti yangu alisimama nyuma ya kiti changu. Nilikuwa nasoma, na kidole kilikuwa kwenye kioo, sikukiondoa. Alitazama kidole, halafu akatazama safu ile ya juu, akasoma kwa sauti: Inalia, Inatetemeka, mpaka akafika ya mwisho.

"Baba, hii nani alikufundisha?"

Jibu langu la miaka yote lilikuja mpaka kwenye meno. Nikalimeza, nikamsogezea kiti.

"Keti," nikamwambia. "Kuna mama mmoja mjini."